Mgunga Uliohamishwa na Brashi

Mwaka ule wa themanini na nne, ukitaka kujua nchi imekaukiwa kiasi gani hukuwa na haja ya kusikiliza redio. Ungepita tu barabara kuu ya Babati ukasoma vibao. SUKARI HAKUNA. SABUNI HAKUNA. MAFUTA YA TAA HAKUNA. Duka moja karibu na stendi walichoka kutaja kimoja kimoja, wakaandika HAKUNA peke yake, ukifika mlangoni ujaze mwenyewe ulichofuata. Na vibao hivyo vyote, nyie, viliandikwa na mkono mmoja.

Mkono huo ulikuwa wa Romanus, mchora mabango, mtu wa Songea aliyefuata kazi ya kupaka rangi majengo ya serikali akafika Babati, akaoa, akabaki. Herufi alifundishwa na mafundi wa misheni kwao. Alikuwa mtu wa kujiamini, na sisemi hivyo kwa kumsengenya, hata yeye angekuambia. Alisema hakuna mtu kutoka Singida mpaka Arusha anayeweza kuandika S iliyosimama vizuri kama yake. Alipokuwa akichora mabango ya hoteli na bucha alitembea mjini kama diwani. Lakini kuandika HAKUNA asubuhi, HAKUNA mchana, HAKUNA jioni, jamani, hata mtu wa kujiamini moyo humchoka.

"Siku hizi hata usingizini naota K," alimwambia mkewe.

"Afadhali wewe unaota," alijibu Philomena. "Mimi nikilala naona foleni."

Basi Jumapili moja baada ya misa Romanus alipanda kilima cha Nakwa kutafuta udongo mwekundu. Makopo yake ya rangi ya mafuta yalikuwa yamebakiza nyeusi kidogo tu, na mengine hayakupatikana popote, kwa hiyo alikusudia kuchanganya udongo na uji apate rangi ya kupakia vibao. Alichimba, akajaza kikapu, akakaa juu ya jiwe kubwa apumzike. Ndipo akatazama mbele.

Ziwa Babati alikuwa amelichora mara nyingi kwenye kuta za hoteli. Alilichora bluu, bluu kabisa, na kiboko katikati anacheka. Sasa alikuwa juu ya jiwe, jua la saa kumi liko mgongoni mwake, ziwa lote liko chini yake, na bluu haikuwepo. Kando ya matete maji yalikuwa ya kahawia. Katikati yaling'aa kama bati jipya. Upande wa mjini yalikuwa na wekundu fulani hivi, mwepesi, ambao hata jina hakuujua. Ng'ambo, mlima Kwaraa ulikuwa umevaa kijani cha msitu chini, na juu kabisa rangi ya majivu ya moto. Romanus alifumba macho akafumbua. Rangi zilikuwa palepale, isipokuwa ule wekundu ulikuwa umesogea.

"Kumbe!" alisema kwa sauti, na hakuna aliyemjibu ila panzi. "Miaka yote hii nimewadanganya watu wazima!"

Akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Hakuona aibu hata kidogo. Aliona njaa, ile ya fundi anapokutana na kazi ambayo hajawahi kuishika.

Jumapili iliyofuata alirudi na vifaa. Alikuwa ameng'oa mbao za kitanda kibovu akatengeneza fremu, akaiwamba kwa mfuko wa kitambaa uliokuwa wa unga, akaupaka uji na chokaa mpaka ukakakamaa. Fremu aliisimamisha juu ya miti mitatu aliyoifunga kamba kwa juu. Alikuwa na chokaa ya weupe, masizi, udongo wa rangi tatu, na lile kopo la rangi nyeusi ya mafuta. Na mfukoni, kwenye karatasi, alikuwa na bluu ya kufulia ya mkewe. Bluu ile Philomena aliipata kwa kusimama foleni tangu alfajiri, na alikuwa akiitunza ang'arishe gauni jeupe la komunyo ya kwanza ya binti yao Ursula. Hakuombwa ruhusa. Tutafika huko.

Alianza na kilichokuwa mbele yake. Kutoka mguuni pa jiwe lake mashamba yalishuka mpaka karibu na maji. La kushoto lilikuwa la mzee Melkiadi na la kulia la mama mmoja mjane aliyeitwa Kandida, ingawa watu wote walimwita Mama Anselm kwa jina la mwanawe. Wote wawili walitoka milima ya Mbulu, na pale Nakwa walikuwa wamelima jirani miaka mingi. Mpaka wao haukuwa na ua. Kulikuwa na mgunga mmoja, mrefu, uliosimama chini karibu na korongo, na kila mtu alijua kwamba kushoto kwa mgunga ni kwa Melkiadi na kulia kwake ni kwa Mama Anselm. Ukikaa juu ya jiwe la Romanus mgunga ule ulisimama katikati kabisa, kilele chake chini ya pale mgongo wa Kwaraa unapobonyea. Akauchora kwa ile rangi nyeusi ya mafuta, shina na matawi, mstari baada ya mstari. Mkono ulitembea wenyewe. Upepo ulimpulizia vumbi kwenye rangi, sisimizi wakapanda mguuni, mzee wa watu hata hakujikuna. Nyeusi ikaisha kopo likiwa limekauka kabisa, na yeye akarudi nyumbani akiimba nyimbo za misa kwa sauti iliyowashangaza mbwa.

Philomena alimsubiri mlangoni.

"Baba Ursula, bluu yangu iko wapi?"

"Iko mlimani."

"Mlimani inafua nini?"

Alipoeleza, mama wa watu alishika kiuno. Alimpa maneno yaliyoanza na bluu yakapita kwenye kitanda kibovu yakaishia kwa wazazi wake waliomkanya asiolewe na mtu wa mbali. Romanus alisikiliza yote. Kisha akasema, "Mama Ursula, siku utakayoiona hiyo bluu ilivyokaa kwenye kivuli cha mlima, utaniomba radhi." Kujiamini gani huko!

Sasa, huko Nakwa watu hawakuwa wamelala. Mtu anakaa juu ya jiwe, mbele yake kuna kitu cha miguu mitatu, anakunja jicho moja, ananyoosha brashi mbele ya uso kama anayepima, halafu anaandika. Unadhani wakulima walifikiri ni sanaa? Mwaka wa vijiji vya ujamaa walikuja watu hivyohivyo, na miguu mitatu hivyohivyo, wakakunja jicho hivyohivyo. Baada ya wiki chache ikaja lori, watu wakabebwa na vyungu vyao. Kwa hiyo Jumapili ya pili Romanus alipofika kwenye jiwe alimkuta Mama Anselm amekwisha kukaa pembeni yake, na kikapu kidogo mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Fundi. Unapima?"

"Sipimi, mama. Nachora tu."

"Mwaka wa vijiji nao walisema wanachora tu," alisema yule mama, bila hasira. Akafungua kikapu. Ndani kulikuwa na mayai yaliyolazwa kwenye nyasi, na mwaka ule wa ukame mayai hayakuwa kitu cha kumpa mtu ovyo. "Sikuombi uniongezee, Fundi. Nakuomba usinipunguze. Pale chini ya mgunga nina kipande chenye unyevu. Mahindi yote yamekauka, lakini pale migomba yangu imesimama na magimbi yapo. Pale ndipo tunapokula mimi na wajukuu. Ukipunguza pale umetuua."

Romanus alitaka kucheka, lakini uso wa yule mama ulimzuia. Akamweleza mara ya pili kwamba picha ni picha, ya kutazama, haina serikali ndani yake. Mama Anselm aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mwanasiasa. Mwishowe Romanus akaweka mkono kifuani.

"Mama, nakuahidi. Brashi yangu haimpunguzi mtu."

"Basi chukua mayai."

Aliyachukua, na tusimlaumu, kwa sababu rangi ya mafuta ilikuwa imekwisha na fundi anajua kwamba kiini cha yai kinashika udongo kuliko uji. Wakati huo mzee Melkiadi alikuwa shambani kwake kwenye jembe. Aliona kikapu kinatoka mkono mmoja kinaingia mwingine. Akakohoa, akaendelea kulima.

Jumapili zilizofuata zilikuwa za raha, na kama hujawahi kufanya kazi unayoipenda mahali penye upepo sijui nikueleze vipi. Romanus alivunja yai, akachanganya na udongo kwenye kifuu, na dunia ikaanza kumjia moja baada ya nyingine. Aligundua kwamba kivuli cha wingu kikipita shambani hakiwi cheusi, kina zambarau. Aligundua kwamba matete yana rangi ya manjano upande mmoja tu, ule wa jua. Siku moja kiboko alitoka majini, akasimama, naye Romanus akamwambia, "Tulia hapo, mheshimiwa, nakumalizia," na kiboko hakutulia. Vumbi lilinata kwenye rangi akaliacha, maana hata vumbi lilikuwa la palepale. Alirudi nyumbani kila mara shingo imeungua na moyo mweupe, na Jumatatu akaandika HAKUNA zake akipiga mluzi.

Shida ilikuwa moja tu, ule mgunga. Ulisimama katikati kabisa, umeikata picha nusu kwa nusu kama mkate wa kugawana, na mbaya zaidi uliziba mahali maji yalipong'aa. Kila alipotazama ulimkera. Romanus aliinamisha kichwa huku, akainamisha kule. Halafu akafanya ambalo mchoraji yeyote angefanya. Alichanganya kiini cha yai, chokaa, udongo mwekundu kidogo na bluu ya mkewe, akaufunika mgunga wote, shina na matawi, kwa maji na mwanga. Na mgunga mwingine akauchora kulia, kwa masizi, ukiinama kidogo kuelekea ziwani kama mtu anayechungulia.

Nyie, picha ilifufuka! Lile ziwa katikati, lile alilolichora pale mgunga ulipokuwa, lilikuwa na ule wekundu usio na jina. Alikuwa ameukamata. Romanus alirudi nyuma hatua chache, akavua kofia kama yuko kanisani. Wala hakukumbuka kwamba kulia kwa mgunga ni kwa Mama Anselm. Alikuwa amewaza uzuri tu, na uzuri ulikuwa umekubali.

Aliitundika kwenye kibanda chake karibu na soko. Watu waliacha foleni wakaja kuitazama, na kuacha foleni mwaka ule si mchezo. Kila mtu alitafuta nyumba yake. Philomena alikuja amekunja uso, akasimama mbele ya kivuli cha mlima, akasimama tena mbele ya ziwa.

"Bluu yangu hiyo?"

"Hiyo."

"Haya," alisema. "Ursula atapokea komunyo na gauni lisilong'aa." Na kwa Philomena hiyo ilikuwa radhi kamili.

Mama Anselm naye alikuja. Aliitazama kwa karibu, akaona migomba yake, akatabasamu. Usishangae kwamba hakuona kosa. Yeye shamba lake alilijua kwa miguu na kwa jembe, hakuwahi kukaa juu ya jiwe akalitazama kama ndege. Mwenyekiti wa kijiji cha Nakwa, bwana Theodori, mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka, akauliza mbele ya watu, "Fundi, ndivyo palivyo kweli, au umetia chumvi?"

Hapo ndipo Romanus alipojifunga kamba mwenyewe. Sifa zilikuwa zimempanda. "Mwenyekiti," alisema, na sauti aliipaza ili hata wa nyuma wasikie, "hata jani sijaongeza, hata jani sijapunguza!"

Watu wakapiga makofi. Maneno yale yakazunguka mji mzima.

Mvua za masika zilizofuata zilikuja kwa hasira ya mwaka mzima. Mchana mmoja maji yalishuka kutoka juu ya kilima cha Nakwa, korongo likafurika, likavunja kingo zake, likaung'oa ule mgunga na mizizi yake na kuusukuma mpaka ziwani. Maji yalipopungua mashamba yote mawili yalikuwa tope tupu, laini, la kufanana, kama sakafu iliyosakafiwa upya. Mgunga hakuna. Shimo lake hakuna. Migomba ya Mama Anselm ilisombwa yote, lakini udongo ulioletwa na maji ulikuwa mweusi wenye rutuba, na chini yake unyevu ulikuwa palepale.

Ugomvi ulianza siku ya kwanza ya kulima. Mzee Melkiadi alisema mpaka uko hapa, Mama Anselm akasema uko kule, na katikati ya hapa na kule ndiko kilikokuwa kile kipande. Mwenyekiti Theodori akaitisha baraza kwenye ghala la ushirika. Akatuma mtu mjini kwamba Fundi Romanus aje, na picha yake.

Romanus alifurahi kupita kiasi! Picha yake imeitwa barazani! Alivaa shati la Pasaka. Philomena naye alijifunga khanga mpya akaandamana naye, maana alitaka kuona bluu yake ikipewa heshima. Walipoingia ghalani watu waliwapisha njia, na picha ikasimamishwa juu ya meza mbele ya wote.

"Shahidi huyu hana mjomba wala shangazi hapa," alisema mwenyekiti, akiinyooshea kidole. "Atatuambia mgunga ulikuwa wapi. Mzee Melkiadi?"

Melkiadi alisogea. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Njaa ilikuwa imewabana wote, na yeye aliamini macho yake. "Mgunga huu hapa," alisema. "Hauko chini ya mbonyeo wa Kwaraa. Uko huku, kulia. Kwa hiyo kipande chote hiki kiko kushoto kwake. Ni changu. Kumbe hata migomba ilikuwa upande wangu. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika, picha ndiyo imenionyesha."

Ghala lilivuma. Mama Anselm alisimama, akaja karibu, akaitazama picha kama mtu anayemtazama ndugu aliyemkana. "Lakini si hivyo," alisema. "Migomba yangu niliipanda kulia kwa mti. Miaka yote. Si hivyo."

"Mama, Fundi alisema mbele yetu," mwenyekiti alimjibu kwa upole. "Hata jani hakuongeza. Fundi, ndivyo?"

Romanus aliutazama mgunga kwenye picha. Ndipo alipokumbuka. Na nitakwambia kweli, kwa kitambo kidogo alitaka kunyamaza. Akinyamaza, picha yake ingekuwa maarufu mkoa mzima, picha iliyoamua shamba. Akisema, yeye ni mwongo, na picha ni ya uongo, na ile S yake iliyosimama vizuri nayo watu wangeikagua upya. Alimtazama Mama Anselm. Yule mama hakuwa na wasiwasi tena. Alikuwa amegeuka kumsikiliza, ametulia, kwa sababu aliahidiwa kwamba brashi haimpunguzi mtu, na aliyemuahidi ndiye aliyesimama pale.

"Niliuhamisha," alisema Romanus.

"Umesemaje?"

"Mgunga niliuhamisha! Ulikuwa umeniharibia picha. Ulikuwa chini ya mbonyeo, na migomba ilikuwa kulia kwake, kama mama anavyosema. Niliusogeza kulia ili ziwa lionekane."

Vicheko vililipuka, na vicheko vya ghala la bati si vya kawaida. "Ameng'oa mti kwa brashi!" mtu alipiga kelele. "Mtafutieni trekta!" Romanus alisimama masikio yakimwaka moto. Lakini mzee Melkiadi hakucheka.

"Mwenyekiti, huyu amekula mayai," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Mama Anselm alimpa kikapu kizima pale kwenye jiwe. Leo ndiyo anayalipa."

Kicheko kikakatika. Mama Anselm aliinamisha kichwa, kwa maana ilikuwa kweli kwamba alitoa mayai. Watu wakaanza kunong'onezana, na mwenyekiti akakuna kidevu. Ilionekana wazi neno la Romanus halikuwa na uzito tena, kwanza alisema hivi, sasa anasema vile, na katikati kuna mayai.

Lakini huyu alikuwa Romanus. Aibu ilimpita kama homa, na chini yake palikuwa na yule mtu wa kujiamini, amesimama palepale. Ufundi wake aliujua. Akakunja mikono ya shati la Pasaka.

"Mayai nilikula?" alisema. "Ngoja niwaonyeshe mayai yalikokwenda. Naomba maji ya moto na kitambaa."

Philomena alielewa kabla ya wote. "Baba Ursula," alisema, "ziwa!"

"Najua."

"Ule wekundu! Hutaupata tena!"

"Mama Ursula, najua."

Maji yaliletwa. Romanus alichovya kitambaa, akakikamua, akasimama mbele ya lile ziwa alilolipenda kuliko chochote alichowahi kukifanya kwa mikono yake. Kisha akasugua. Rangi ya yai juu ya rangi ya mafuta haishiki vizuri, fundi yeyote anajua, hata pale kibandani ilikuwa imeanza kubanduka pembeni. Mwanga ulitoka kwanza. Kisha wekundu. Kisha bluu ya Philomena ikachuruzika kwenye fremu mpaka sakafuni. Na katikati ya lile baka, polepole, jeusi, linang'aa, likatokea shina. Akasugua juu, yakatokea matawi. Mgunga ulisimama mbele ya baraza zima, kilele chake chini ya mbonyeo wa Kwaraa.

Watu wa nyuma wakasogea mbele waone.

"Huu niliuchora siku ya kwanza, kwa rangi ya mafuta," alisema Romanus, na kitambaa kilikuwa kinadondosha maji. "Siku hiyo Mama Anselm sijazungumza naye, mayai sijayaona. Kilichoko chini ndicho kilichotangulia. Mayai yake ndiyo haya, mzee Melkiadi, haya yanayotiririka. Alinipa nisimpunguze, na mimi nikayatumia kuufunika mti wake mwenyewe."

Mwenyekiti aliigusa picha kwa kidole. Nyeusi haikutoka. Akageuka kwa watu. "Twendeni kwenye jiwe," alisema.

Wakapanda wote. Mwenyekiti Theodori alikaa mahali Romanus alipokuwa akikaa, Romanus akashika picha pembeni yake, na mzee Melkiadi mwenyewe ndiye aliyeteremka kwenye tope na mti mrefu begani. Alikataa asiende mtu mwingine. "Kushoto!" walimpigia kelele. "Zaidi! Sasa rudi kidogo! Hapohapo!" Mti ulisimama chini ya mbonyeo wa Kwaraa sawasawa na kwenye picha. Melkiadi aliuchomeka ardhini, akautazama, akapima kwa macho kile kipande kilichobaki kulia kwa mti. Akavua kofia. Kisha akapaza sauti kutoka kule chini, "Mama Anselm! Kesho njoo na jembe, tupande ua wa manyara hapa, mstari mzima! Tumechoka kutegemea mti mmoja!"

Mama Anselm alikaa chini juu ya majani akalia waziwazi, kwa sauti, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Philomena alikaa naye.

Jumapili iliyofuata Romanus alikuwa juu ya jiwe na picha yake mbele, katikati yake lile baka na mgunga mweusi. Bluu hakuwa nayo. Ule wekundu ulikuwepo majini, lakini haukuwa uleule, ulikuwa umejaa zaidi, wa msimu wa mvua. Aliutazama muda mrefu. Akajiambia kwamba huu nao ni mzuri, na kama aliukamata ule wa kwanza basi na huu atauweza. Akaanza kuchanganya udongo.

Alisikia nyayo. Mama Anselm alikuwa anapanda, na kikapu.

"Shikamoo mama. Usiniambie hayo ni mayai."

"Ni mayai," alisema, akakiweka juu ya jiwe. "Na leo sikuombi kitu." Alikaa kando yake, akatazama chini, kule ambako miche ya manyara ilikuwa imesimama mstari mmoja mpaka majini. Halafu akatazama picha.

"Mti wa shambani nimekwisha kuupata, Fundi," alisema. "Huo wa kwenye picha ni wako. Uweke unakotaka."

Romanus alivunja yai la kwanza.